Chachu na Mkate

Ukitaka kujifunza kuoka mkate nyumbani kwenu, ndugu msomaji, usianze kwa tanuri. Anza kwa chachu. Unga, maji na chumvi hupatikana kwa fedha chache, na mikono hujizoeza kukanda baada ya siku mbili tatu. Lakini kile kitu kinachouumua mkate, kikautia matundu na kuufanya mwepesi, ni jambo ambalo wenye elimu hawakuweza kulieleza kwa maelfu ya miaka, hali waokaji walilitumia kila kukicha. Mikono ilijua kabla ya vitabu, na habari hiyo ndiyo nitakayokusimulia.

Lugha yetu yenyewe ina maneno mawili kwa jambo hili. Hamira tulilipata kwa Waarabu. Chachu ni letu, nalo latokana na kuchacha: uji wa jana huchacha, wali huchacha, na unga uliotiwa maji ukaachwa mahali pa joto huchacha vilevile. Aliyelitunga neno hili alitumia pua yake vizuri.

Mkate wa kwanza duniani haukuumuliwa. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba wameyapata mabaki ya mkate ulioungua katika meko ya kale huko Jordan, mahali paitwapo Shubayqa. Umri wake ni miaka ipatayo 14,400, yaani watu wale walioka kabla hawajaanza kulima nafaka. Mkate wao ulikuwa mwembamba, ndugu wa chapati. Kuumua kulikuja baadaye, na Misri ndiko kulikotuachia ushahidi mwingi. Katika kaburi la Meketre, mtu mkubwa wa serikali aliyeishi miaka kama 4,000 iliyopita, ilifukuliwa mwaka 1920 sanamu ya nyumba ndogo ya mti: upande mmoja watu wanatengeneza pombe, upande wa pili wanafanya mikate. Usidhani kuwa jirani hao walikutana kwa bahati. Pombe na mkate vyote viwili ni kazi ya chachu.

Warumi walichelewa. Mwandishi wao Pliny anasema kwamba mji wa Roma ulikaa zaidi ya miaka 580 bila waokaji wa kuuza. Wanawake ndio waliooka majumbani. Yeye huyo anatueleza kuwa desturi iliyoenea siku zake ilikuwa kuweka akiba donge la unga wa jana na kulichanganya na unga wa leo. Aliandika pia kwamba watu wa Gaul na Hispania waliumua kwa povu la pombe yao, na kwa hiyo mkate wao ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine. Pliny alikufa mwaka 79, mlima Vesuvius ulipolipuka. Na katika mji wa Pompeii, uliofunikwa na majivu siku hizo, tanuri moja ilikutwa na mikate 81 ndani yake, imegeuka makaa lakini haijapoteza umbo. Jambo la povu si geni upande wetu wa bahari. Wagoa, ambao wengi wao walikuja kufanya kazi Mombasa na Nairobi, kwao Goa wamezoea tangu zamani kuumua mkate kwa tembo la mnazi.

Sasa tazama wenye elimu. Mwaka 1680 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea vioo vya kukuza, alitazama pombe akaona vitone vidogo vya mviringo. Aliviona, asividhanie kuwa na uhai. Ikapita zaidi ya miaka 150. Mnamo 1837 Mjerumani Theodor Schwann na Mfaransa Charles Cagniard-Latour, kila mmoja mbali na mwenziwe, walisema kwamba vitone vile ni viumbe hai, vinakula sukari na kuzaana. Wakachekwa! Mwaka 1839 jarida la mkemia mashuhuri Justus von Liebig lilitoa mzaha juu ya vijinyama vyenye umbo la chupa vinavyokunywa sukari. Kwa Liebig, kuchacha kulikuwa kuoza tu kwa vitu visivyo na uhai. Ndipo Louis Pasteur, katika maandishi aliyoyatoa toka 1857 hadi 1860, alipoonyesha kwa majaribio kwamba uhai wa hamira ndio unaogeuza sukari kuwa pombe na hewa.

Lakini mwokaji wa kale alikuwa akiitendea chachu yake namna gani? Aliilisha unga, aliifunika isipigwe na baridi, aliibakiza kidogo ili kesho iwe na kizazi. Alikuwa anafuga. Mimi naona kwamba katika ubishi ule wa mabwana wakemia, mama wa jikoni alikuwa karibu na kweli kuliko Liebig, ila hakuna aliyemwuliza.

Basi nawe fuga. Changanya unga wa atta na maji, kiasi sawasawa, katika chupa yenye mdomo mpana. Funika kwa kitambaa. Kila siku toa nusu, utie unga mpya na maji mapya. Kwa kawaida baada ya wiki moja hivi utaona mapovu na kunusa ukali mtamu. Yakitokea mapema, siku ya pili au ya tatu, usishangilie. Mara nyingi hao ni wageni wengine, nao wataondoka. Siku ya kuoka chukua nusu kilo ya unga wa ngano, chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, chachu kikombe kimoja, na maji ya uvuguvugu mpaka donge lishikane. Unga wa mahindi hautakufaa, kwa sababu hauna gluteni, ule utando wa ngano unaovutika kama mpira na kuifungia hewa ndani. Wataka kuuona? Osha kidonge cha unga wa ngano uliokandwa katika maji mpaka weupe uishe. Kitakachobaki mkononi ndicho.

Kisha ngoja. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa, na viwanda pia havikupenda kungoja: mwaka 1961, huko Chorleywood nchini Uingereza, ilibuniwa njia ya kukoroga donge kwa nguvu za mashine ili saa za kuumuka zipunguzwe sana. Nyumbani huna mashine hiyo. Lifunike donge mpaka likaribie kuwa mara mbili. Likandamize kwa kidole, na likirudi polepole, liko tayari. Kama hamna tanuri, sufuria nzito itatosha, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ukidhani mkate umeiva, upindue uugonge chini kwa kifundo cha kidole: ukilia kama ngoma tupu, utoe. Usiukate ungali moto.