Gitare ya zamani ya umeme: namna ya kujua piesi za asili mbele ya kutoa feza

Mwanzoni mwa mwaka jana vijana watatu wa orkestra moja ya hapa Bukavu walichanga dola 900. Mmoja aliuza telefone yake, mwingine alikopa kwa dada yake, wa tatu alitoa feza za kulipia nyumba. Waliziweka zote mkononi mwa mchuuzi aliyewaonyesha Fender Stratocaster nyekundu, iliyochakaa vizuri kwenye pembe, na kuwaambia: "Hii ni ya 1964, ilitoka Ulaya." Nyuma, pale shingo inaposhikana na mwili, kulikuwa kibati cha chuma chenye nimero inayoanza na herufi L. Mchuuzi alifungua telefone akawaonyesha kwamba L njo alama ya miaka hiyo.

Na ni kweli, L ni ya miaka hiyo. Ila kibati kinashikwa na visi vine tu. Mtu mwenye turnevisi anakitoa na kuweka kingine kwa dakika mbili, na vibati vipya vyenye nimero za zamani vinatengenezwa na kuuzwa.

Walipotuletea gitare hapa redioni, fundi wetu aliifungua mbele yao. Shingo ilikuwa ya Mexico, ya miaka ya 1990. Waya za ndani zote zilikuwa za plastiki. Haikuwa gitare mbaya, inalia vizuri, lakini bei yake ilikuwa nusu hivi ya ile waliyotoa. Tangu siku ile wasikilizaji wengi wametuuliza: mtu atajuaje? Tumeandika hapa yale tuliyojifunza kwa mafundi na kwa gitare zenyewe.

Kwanza, juu ya bei. Gitare ya umeme ya Fender ao Gibson iliyotengenezwa Marekani mbele ya 1965, kama piesi zake zote ni za asili, inauzwa ngambo kwa maelfu mengi ya dola. Stratocaster ya miaka hiyo inaweza kupita dola 10,000 bila shida. Sasa mtu anayejua kwamba ni ya 1964 atakuuzia namna gani kwa 900? Ao hajui alicho nacho, ao anajua sana. Huyu wetu alikuwa anajua mpaka maana ya herufi L.

Bei inaenda na piesi. Gitare ileile ikipakwa rangi upya, wenye kukusanya vyombo vya zamani wanakata karibu nusu ya bei, hata kama rangi mpya inapendeza kuliko ile ya kwanza. Mikro zikibadilishwa, wanakata tena. (Tukisema mikro hapa hatusemi ile ya kuimbia. Ni zile sumaku zilizozungushiwa uzi mwembamba wa shaba, chini ya nyuzi.) Kwa hiyo swali haliko tu "ni ya mwaka gani?" Swali ni "piesi gani ilitoka kiwandani pamoja na zingine, na gani iliingia nyuma?"

Hakuna piesi moja inayotosha kuwa ushahidi. Fanya kama hakimu: uliza kila shahidi peke yake, kisha uangalie kama wanapatana.

Nimero ya seri

Watu wanaanzia hapa, na wadanganyifu pia wanaanzia hapa. Kwa Fender, nimero ilikaa kwenye kile kibati cha shingo mpaka 1976. Nyuma ya hapo ilipelekwa kichwani mwa gitare. Zenye L ni za kuanzia karibu 1962 mpaka 1965. Lakini vibati vilikuwa vinatolewa katika sanduku bila kufuata mpango, kwa hiyo hata kibati cha kweli kinakupa miaka tu, hakikupe mwezi.

Nimero ya kichwani inayoanza na MN ni ya Mexico, miaka ya 1990; MZ ni ya Mexico, miaka ya 2000. JV ni Japani, kuanzia 1982, na hizo za JV watu wanazitafuta pia, msizidharau. Jina Squier nalo lilianza kuwekwa kwenye gitare mwaka huo wa 1982, kwa hiyo mtu akikuambia "Squier ya 1970", aga kwa adabu.

Kwa Gibson, nimero iko nyuma ya kichwa. Kuanzia 1977 iko na tarakimu 8 zenye kusomeka sawa kalenda: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Mfano 81234600: ya kwanza ni 8, ya tano ni 4, basi ni 1984, katikati kuna 123, siku ya 123, ndiyo tarehe 2 Mei. Mbele ya 1977 nimero za Gibson zinachanganya sana, nyingine zilirudiliwa mara nyingi. Kitu kimoja kinasaidia: maneno "Made in USA" yaliyopigwa mhuri ndani ya mti nyuma ya kichwa yalianza 1970. Mtu akikuletea Gibson "ya 1962" yenye maneno hayo, kuna kitu hakiendi.

Fungua ndani

Hapa njo kwenye ukweli, na hapa njo wauzaji wengi wanakasirika. Mwenye kukukataza kufungua visi vya plaketi, ile plastiki ya mbele, amekwisha kukujibu. Leta turnevisi yako ya kipimo kizuri, usiharibu vichwa vya visi, na legeza nyuzi kwanza.

Chini ya vile vifungo vya kuongeza na kupunguza sauti kuko potansiometa. Mgongoni mwa kila moja, ao pembeni, kunaandikwa tarakimu sita ao saba. Tatu za kwanza ni kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Zinazobaki ni mwaka na juma. Chukua 1376632: CTS, mwaka 1966, juma la 32, ndiyo mwezi wa Agosti. Kama kuko sita tu, mwaka unaonyeshwa kwa tarakimu moja: 304320 inaweza kuwa 1953 ao 1963, itabidi shahidi mwingine akate maneno.

Angalisho kubwa: tarehe hiyo ni ya potansiometa, haiko ya gitare. Inakuambia kwamba gitare haikutoka kiwandani mbele ya juma lile, ikiwa potansiometa ni ya asili. Inaweza kutoka nyuma sana. Kampuni CBS ilinunua Fender mwanzo wa 1965, na ikanunua potansiometa mingi sana za 1966, mpaka unazikuta ndani ya gitare za 1968 na 1969. Basi ukikuta 1966 ndani ya gitare ya 1969, usipige kelele ya wizi. Lakini ukikuta 1972 ndani ya gitare inayoitwa ya 1964, hapo piga kelele.

Angalia pia sudire, ile risasi inayoshikanisha waya. Ya zamani ambayo haijaguswa inakuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na matone yote yanafanana, juu mtu mmoja aliyapiga siku moja. Tone moja likiwa linang'aa, ao kukiwa alama za moto pembeni, mtu alipita hapo. Pengine alitengeneza waya uliokatika tu. Pengine aliondoa mikro ya asili akauza, akaweka nyingine. Kwa Fender, waya za mikro zilivishwa kitambaa mpaka karibu 1968, kisha zikaja za plastiki.

Mikro zenyewe: chini ya mikro za Stratocaster za mpaka mwanzo wa 1964 kuko karatasi ngumu nyeusi, kutoka hapo inakuwa ya kijivu. Kwa Gibson, mikro za nyuzi mbili-mbili zilizoanza 1957 zilikuwa na kikaratasi cheusi kidogo chini chenye maneno "Patent Applied For", mpaka karibu 1962. Vikaratasi hivyo vinatengenezwa leo kwa wingi, na mtu anaweza kukibandika nyumbani. Usilipe kikaratasi.

Fundi mwenye multimetre anaweza kupima bila kufungua kitu: Stratocaster ya zamani inatoa mara nyingi kati ya kilo-omu 5 na 7 kwa kila mikro, mikro pana za Gibson kati ya 7 na 9. Isipoonyesha kitu, uzi wa ndani umekatika. Mikro iliyozungushiwa uzi upya inalia, ila kwa mwenye kukusanya haiko ya asili tena.

Ukiwa na ruhusa ya kutoa shingo, angalia kisigino chake. Fender waliandika hapo tarehe, kwa kalamu ya risasi mpaka karibu 1962, kisha kwa mhuri wa wino. Si kila shingo iko nayo, na mwandiko wa risasi unaigwa kirahisi. Lakini tarehe ya kisigino ikipatana na ya potansiometa, na zote mbili zikipatana na kibati, una mashahidi watatu.

Rangi, matundu na kichwa kilichovunjika

Fender walitumia vernisi ya nitro mpaka karibu 1968, kisha ya poliesta. Ile ya nitro inazeeka: inageuka manjano, inapasuka mistari myembamba kama udongo wa kiangazi. Poliesta ni nene, ngumu kama kioo, na ikigongwa inatoka kipande kizima.

Na hapa kuko chombo ambacho wakaaji wa Bukavu na Goma wanakijua vizuri: ile lampi ya mwanga wa zambarau ambayo wabadilisha feza wanapimia noti za dola. Ingia nayo chumba chenye giza. Vernisi ya zamani inang'aa rangi ya manjano-kijani hivi. Fasi iliyopakwa upya inaonekana giza, kama doa. Ni kwa lampi hiyo tuliona kichwani mwa ile gitare nyekundu kivuli cha herufi MN, iliyosuguliwa na kufunikwa na vernisi mpya. Mbadilisha feza alituazima lampi kwa dakika kumi, akacheka sana.

Kisha hesabu matundu. Vifunguo vya kukazia nyuzi vya Kluson, ambavyo Fender na Gibson walitumia sana miaka ya 1950 na 1960, vinaacha alama yao juu ya mti. Watu wengi walivitoa wakaweka Grover ao Schaller, na kwa kufanya hivyo walipanua matundu. Ukiona vifunguo vya Kluson vinakaa ndani ya matundu makubwa, ao vitundu vidogo vilivyozibwa pembeni, vilirudishwa nyuma ili gitare ionekane haijaguswa. Plaketi pia inasema: ya Stratocaster ya miaka ya 1950 ilikuwa na visi 8, na kutoka katikati ya 1959 visi 11. Na kutu ya visi ifanane. Kisi kimoja kinachong'aa kati ya kumi vyenye kutu, uliza.

Gibson iko na ugonjwa wake. Kichwa kimeinama nyuma, na mti pale ni mwembamba, kwa hiyo gitare ikianguka kinavunjika karibu na vifunguo. Fundi mzuri anaunganisha mpaka jicho halioni. Pitisha ukucha polepole nyuma ya shingo, kisha pitisha lampi. Gitare iliyovunjika kichwa inaweza kupigwa miaka 30 mingine, lakini usiilipe bei ya nzima.

Freti na kile kipande cha mfupa pale juu vinaisha kama matairi. Kuvibadilisha ni kawaida, na mimi binafsi nashangaa watu wanaokataa gitare nzuri kwa ajili hiyo. Mpiga gitare wa kanisa ao wa orkestra hana lazima ya piesi zote za asili. Vifunguo vipya vinaweza hata kumsaidia. Ana lazima tu asilipe asili mahali asili haiko.

Wanaonunua Kampala, Kigali ao Nairobi wajue pia kwamba gitare nyingi za Marekani za mbele ya katikati ya miaka ya 1960 ziko na ubao wa vidole wa palisandre ya Brazili, mti ambao biashara yake kati ya inchi imefungwa tangu 1992. Kuvuka nayo mpaka kunaomba karatasi.

Kuna upande mwingine tunaousahau. Gitare za umeme zilifika Congo tangu miaka ya 1950, na baba zetu walizipiga. Ikiwa nyumbani kwenu kuko moja ya marehemu, chini ya kitanda, usiisafishe, usiipake rangi, usibadilishe kitu mbele ya kuuliza. Piga picha za kichwa, kibati, ndani. Mama mmoja aliniambia kwamba fundi alimtengenezea gitare ya mume wake bila kuomba hata franka moja, "kwa heshima ya mzee", ila alibaki na "piesi za kuoza". Piesi zile njo zilikuwa mali.

Wale vijana watatu bado wanapiga gitare yao nyekundu. Kile kibati chenye L walikitoa, wakaweka kingine kisicho na nimero. Fundi wetu anakiweka ndani ya droo, na anakionyesha kwa kila mtu anayefika na "Fender ya 1964".