Kabuti la Vita Lililolala Stoo



Siku chache kabla ya mwezi kuandama, mama alitupa kazi ya kusafisha stoo. Kwetu Kuresoi stoo ni ya viazi, mbegu na majembe. Chini kabisa nikakuta gunia kuukuu limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kabuti la jeshi: zito, la sufu, vifungo vya shaba vimeota kutu ya kijani, na begani kitambaa kidogo chenye kichwa cha faru. Kola yote ilikuwa imeliwa na nondo.

Nikachemsha maji ili niliroweke na sabuni. Nilikuwa nimeshaanza kusugua kifungo kimoja kwa jivu, nyanya akapiga kelele: "Wacha! Hilo ni la baba ya babu yako. Ndilo peke yake lililobaki."

Nikaelewa baadaye. Familia ilipokimbia machafuko ya mapema mwaka 2008, nyanya alilibeba kabuti hilo ili awafunike watoto usiku. Picha za mzee na cheti chake cha kuachishwa jeshi viliungua pamoja na nyumba.

Yule faru ndiye aliyenifungua macho. Ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia. Askari wake wengi walitoka King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee waliliita Keya. Walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), na lugha iliyowaunganisha ni hiki hiki Kiswahili chetu.

Mwaka 1944 divisheni hiyo ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Hata safari yenyewe ilikuwa mauti. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Waliofika waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika makali. Sasa angalia kalenda, ndugu yangu: Ramadhani ya mwaka 1363 Hijria iliangukia Agosti na Septemba 1944, yaani katikati ya mwendo huo. Babu anasema baba yake alitaja mambo matatu tu: mvua, matope na ruba. Kama alifunga, au aliichukua ruhusa ya msafiri akalipa baadaye, hakusema. Mwezi wa Desemba walifika Kalewa, na juu ya mto Chindwin likawekwa daraja la chuma la kama mita 350.

Walirudi na nini? Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wazungu mashamba katika nyanda hizi za juu. Baada ya vita vya pili ikaleta tena walowezi wazungu waliokuwa jeshini. Askari mweusi hakuwamo katika mgao huo. Mzee wetu alirudi na kabuti, akalivaa akikamua ng'ombe wa mtu alfajiri, kwenye baridi ya huku Mau.

Vijana wenzangu, madrasa tulifundishwa kwamba habari bila isnadi haina mguu wa kusimamia. Na nguo ni hivyo hivyo. Kabuti lisilo na jina la mwenyewe ni tambara tu. Siku moja litapanguza pikipiki. Kwa hiyo nilikaa na babu baada ya tarawehe, nikaandika: nani alilivaa, nani alimsimulia nani, mpaka likanifikia mimi. Karatasi hiyo nimeiweka pamoja nalo.

Ukipata nguo kama hiyo, usiifue wala usiianike kwenye jua kali. Ipige picha kwanza. Itikise taratibu, iache ipate hewa kivulini. Vifungo usivisugue, kile nilichokisugua mimi kimepoteza nusu ya nembo, na haitarudi. Ikunje kidogo iwezekanavyo, uifunge kwa shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, si kwa mfuko wa plastiki, maana unafungia unyevu. Iweke juu, pakavu, uikague nondo kila baada ya miezi michache.

Zaidi ya yote, muulize mzee wako mwezi huu, mkisubiri adhana ya magharibi. Nguo inaweza kungoja miaka themanini ndani ya gunia. Mzee hangoji.

Allah awarehemu waliotutangulia. Ramadhan Karim.