Riwaya ya Mapenzi Kando ya Kitanda: Kutoka Duka la Dawa hadi Simu ya Mkononi

Katika uhakiki wetu tumezoea kuigawa riwaya katika makundi mawili: dhati na pendwa. Ile ya kwanza tunaisoma darasani na kuifanyia mitihani. Ya pili tunaisoma chini ya dawati. Na katika hizo pendwa, riwaya ya mapenzi ndiyo inayopigwa mawe kuliko zote. Eti ni kasumba, inapumbaza, inamficha msomaji uhalisi wa maisha. Makala haya hayakusudii kuitetea kila riwaya ya mapenzi, maana nyingine kweli ni mbovu. Yanakusudia kuuliza swali la kihistoria: riwaya hii ilipataje makao kando ya kitanda cha mgonjwa? Na je, jibu lake lina lolote la kutufundisha sisi wahakiki? Naona linalo.

Duka la dawa na rafu ya vitabu

Tuanzie Uingereza, kwa sababu huko biashara hii ilipangwa mapema. Mwishoni mwa karne ya 19, Jesse Boot, mwenye maduka ya dawa yaliyoanzia Nottingham, alifungua ndani ya maduka hayo maktaba ya kuazimisha vitabu kwa ada. Nyuma ya wazo hilo alikuwapo mkewe, Florence, binti wa muuza vitabu wa kisiwa cha Jersey. Maktaba hiyo, Boots Booklovers' Library, ilidumu hadi mwaka 1966. Mara nyingi vitabu viliwekwa nyuma kabisa ya duka au ghorofani, ili anayefuata kitabu apite kwanza penye sabuni na manukato. Ujanja wa biashara huo, hakuna ubishi. Lakini tazama matokeo yake: aliyetumwa dawa ya kikohozi aliweza kurudi nyumbani na chupa mkono mmoja, riwaya mkono wa pili.

Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, haikuwa ya mapenzi tangu mwanzo; ilichapa hata kazi za Jack London. Ni katika miaka ya 1930 ndipo ilipoelemea upande huo, na maktaba za kuazimisha zikawa tegemeo lake kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, riwaya za daktari na muuguzi zilishamiri. Mwaka 1957 kampuni ya Harlequin ya Kanada ilipoanza kuchapa upya vitabu vya Mills & Boon, ilianza na cha hospitali, tena hospitali ya Afrika: The Hospital in Buwambo cha Anne Vinton. Mwaka 1969 Betty Neels, muuguzi mstaafu, alitoa riwaya yake ya kwanza. Kabla ya kufa alikuwa ameandika zaidi ya 100.

Mhakiki wa kitabaka atasema, na atasema kweli, kwamba katika hospitali hizo za vitabuni mgogoro wa mshahara hauonekani. Muuguzi hapandi cheo kwa kazi yake. Anapanda tabaka kwa kuolewa na daktari. Hoja hiyo naikubali. Ila inaeleza kitabu tu, haimwelezi msomaji aliyelala.

Mgonjwa na mwisho mwema

Januari 1926 Virginia Woolf, mwandishi aliyeugua mara kwa mara, alichapisha katika jarida la The New Criterion insha iitwayo On Being Ill. Alishangaa kwamba maradhi hayakupewa nafasi katika fasihi sawa na mapenzi na vita. Akasema pia kwamba mgonjwa hana nguvu za kufuata safari ndefu za nathari, hivyo ushairi humfaa zaidi. Nusu ya kwanza sina neno. Nusu ya pili naibishia kidogo: iko nathari fupi, ya njia iliyonyooka, inayomfaa mgonjwa kwa sababu mwisho wake unajulikana.

Nasema hivyo nikijua ninachosema. Mwaka jana niliugua homa ya matumbo nikalala nyumbani majuma matatu. Riwaya ya kozi, kurasa mia nne na ushei, ilinishinda: mkono unatetemeka, na nikifika ukurasa wa pili nimeshausahau wa kwanza. Nilichoweza ni riwaya za mapenzi ndani ya simu. Herufi nimezikuza, taa imezimwa ili dada ninayelala naye chumba kimoja apate usingizi, na nikisinzia simu inanishikia ukurasa. Nilijua tangu sura ya kwanza kwamba wale wawili wataoana. Ndiyo maana niliweza kusoma! Mgonjwa hajui homa yake itashuka lini. Kitabu walau kinajua kinakokwenda.

Lakini lilikuwapo jambo zito zaidi. Katika majuma hayo hakuna aliyeniambia niweke hadithi chini nikaoshe vyombo. Msichana mzima akikaa na kitabu cha mapenzi saa kumi jioni, ni mvivu huyo. Akiugua, anaambiwa, "Pumzika, mwanangu." Na mama aliyekuwa akinipikia uji, yeye sijapata kumwona ameshika kitabu cha hadithi mchana kweupe. Angeupata wapi muda huo, kama si kwa kuugua?

Mwaka 1984 mhakiki wa Marekani Janice Radway alichapisha Reading the Romance, baada ya kuwahoji wanawake wasomaji wa riwaya hizi. Wengi walisisitiza mwisho mwema, na wengine walichungulia kurasa za mwisho kabla ya kununua. Kubwa zaidi, walieleza kwamba kule kusoma kwenyewe ni namna ya kujitengea muda, kusema: sasa hivi si mke wala si mama wa mtu, nimepumzika. Radway hakuwasifu tu. Aliona pia kwamba hadithi zenyewe zinawarudisha katika ndoa ileile inayowachosha. Mambo yote mawili ni kweli, na uhakiki wetu umekuwa ukiona moja.

Kitabu kisicho na jalada

Mwaka 2007 Harlequin ilianza kutoa vitabu vyake vyote vipya kwa njia ya elektroniki pia, na Novemba mwaka huohuo Amazon ikatoa kifaa chake cha Kindle. Kitabu kikapoteza uzito, kikapoteza na jalada. Anayepita hajui unasoma nini, na mtu mzima wa afya anaweza kuiba mapumziko yaliyokuwa ya mgonjwa. Huku Afrika, Ankara Press ya Nigeria ilianza mwaka 2014 kuchapisha mapenzi kwa njia hiyo, na mkusanyo wake wa Siku ya Wapendanao wa 2015 ulikuwa na tafsiri za lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo.

Na sisi je? Hadithi nyingi za mapenzi za Kiswahili tunazipata kwenye simu kwa vipande, kama zamani magazetini. Kila kipande kinakatwa penye moto: "itaendelea", lipia kingine. Kwa mwandishi ni riziki, nami simlaumu. Kwa mgonjwa ni mateso, kwani kile alichokihitaji, uhakika wa mwisho, ndicho anachouziwa kidogokidogo.

Basi tusiishie kuuliza riwaya ya mapenzi inasema nini. Tuulize inasomwa saa ngapi, na nani, na kwa ruhusa ya nani. Maadamu mwanamke katika nyumba zetu hana budi kuugua kwanza ndipo aachwe asome, kumwita msomaji huyo mvivu ni kuhukumu kesi bila kumsikiliza mshitakiwa.