Gumegume, Fataki na Kiasi: Bunduki za Kale katika Mwambao wa Uvira

Katika Kiswahili cha karne ya 19 bunduki haikuwa kitu kimoja. Msemaji aliyeijua silaha yake alitenga bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki, yaani ile iwashwayo kwa kifuniko kidogo cha shaba kinachopigwa na nyundo ya mtambo. Na bunduki ya viasi, ambayo baruti na risasi yake vimefungwa pamoja na kutiwa kwa nyuma. Neno kiasi lina maana ya kipimo, na si vigumu kuona lilivyohamia hapa: baruti iliyokuwa ikipimwa kwa jicho sasa ilikuja imekwisha kupimwa. Sehemu za silaha nazo zilikuwa na majina yake: mtutu, mtambo, kitako, kifa, mdeki. Msamiati wa namna hii hauzaliwi na hofu peke yake. Huzaliwa na watu waipangusao silaha, waishindaniao na kuifyatua kwa furaha.

Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, mwezi wa Aprili 1858, mahali hapo palikuwa tayari soko la pembe na watumwa. Misafara ya Waungwana ilikuwa na desturi ya kutangaza ujio wake kwa milio ya bunduki. Stanley aliingia Ujiji kwa namna hiyo mwaka 1871, kabla ya kwenda pamoja na Livingstone kuhakikisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Baruti iliyobebwa na wapagazi kwa miezi kadhaa kutoka pwani iliteketezwa hewani kwa dakika chache. Mtu wa hesabu angeuita ufujaji; mwenye msafara aliihesabu kuwa ndiyo heshima yake.

Gumegume ilikuwa nzito, ilichelewa kushindiliwa, na mvua za ziwani ziliweza kuilowesha baruti yake ikanyamaza. Hata hivyo iliweza kuishi mbali na duka, kwani vipande vya chuma au vya waya wa shaba vilitosha kuwa risasi. Bunduki ya viasi haikuwa na uvumilivu huo. Viasi vikiisha na kiwanda kiko Ulaya, ilikuwa fimbo tu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoshikwa na sheria. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulizuia uingizaji wa silaha na baruti kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta, ila uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sababu hiyo haikuwa ya kubuni: watu wa Rumaliza wa Ujiji walikuwa wakiwavamia wenyeji wa mwambao wa kaskazini. Lakini askari wa Force Publique walishika Albini za milimita 11, zitumiazo viasi. Rumaliza alivunjwa mwanzoni mwa 1894, na mpaka kati ya silaha hizo mbili haukuvunjika pamoja naye. Katika Kongo ya Wabelgiji raia mwenyeji aliyepewa kibali kwa kawaida aliruhusiwa bunduki ya fataki tu. Basi silaha ya kale haikudumu kwa mapenzi ya wenyewe pekee; waliachiwa hiyo.

Kejeli ya historia ilikuja upesi. Februari 1897 askari wa msafara wa Dhanis, wengi wao Batetela, waliasi huko Ndirfi, wakateremka kusini hadi pande za Ruzizi na Uvira wakiwa na bunduki za serikali yenyewe. Mabaki yao walijisalimisha kwa Wajerumani mwaka 1900. Silaha ambayo sheria ilimnyima mkulima wa Uvira ilimfikia mlangoni, ikiwa mikononi mwa waasi.

Leo Albini hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, ambao huvijaza upya viasi vyake na kulenga shabaha kwa burudani. Gumegume nayo imebaki katika lugha: ni jina la mtu asiyefaa kwa lolote, na wengi walitamkao hawajui kwamba lilikuwa la bunduki.