Umoja na Wingi wa Kusikia, Kuona na Moyo: Tatizo la Tafsiri Likitazamwa kutoka Kericho

Miongoni mwa matatizo yaliyowakabili wafasiri wa Kurani kwa lugha ya Kiswahili, lipo moja ambalo kwa umbo ni dogo lakini limezaa hoja kubwa. Nalo ni tatizo la umoja na wingi wa majina ya vipawa vya binadamu: kusikia, kuona, na ule uwezo wa kufahamu ambao Kiarabu, sawa na Kiswahili, huuweka moyoni. Katika Sura ya 16, aya ya 78, binadamu wanakumbushwa kwamba walitoka matumboni mwa mama zao hawajui lolote, kisha wakapewa vipawa vitatu. Cha kwanza, sam', kimetajwa kwa umoja. Cha pili, absar, ni wingi wa basar. Na cha tatu, af'ida, ni wingi wa fu'ad. Mpangilio huo umerudi katika Sura ya 23, aya ya 78, katika Sura ya 32, aya ya 9, na katika Sura ya 67, aya ya 23. Katika Sura ya 2, aya ya 7, utaratibu umegeuka: nyoyo zimetangulia, kusikia kumefuata, kuona kumekuja mwisho, lakini kusikia kumebaki katika umoja wake kati ya wingi mbili. Kiarabu kina wingi wa sam', nao ni asma'. Hata hivyo wingi huo hautumiki katika matini ya Kurani kama inavyosomwa.

Wafasiri wa kale hawakulipita jambo hili kimya. Al-Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, na Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, walilishughulikia kwa upana walipoifasiri aya hiyo ya Sura ya 2. Maelezo yao yana sehemu kadhaa, lakini lenye uzito zaidi ni la kisarufi: sam' kwa asili ni masdari, yaani jina la tendo, na masdari haina haja ya wingi. Lingine ni kwamba msikilizaji hawezi kupotea, kwa kuwa maneno yaliyo ubavuni mwa sam' yamo katika wingi, na kila mtu anajulikana kuwa na kusikia kwake. Katika zama zetu imeongezwa hoja ya namna nyingine, ambayo husikika katika mawaidha na kusomwa katika vijitabu: kwamba sauti moja huwafikia watu wote kwa namna moja, ilhali kila jicho huona upande wake, na kwa sababu hiyo kusikia ni kumoja na kuona ni kwingi.

Hoja hiyo inapendeza, lakini haisimami. Katika Sura ya 17, aya ya 36, anasemeshwa mtu mmoja, na vipawa vyote vitatu vimo katika umoja: sam', basar, fu'ad. Katika Sura ya 45, aya ya 23, anaelezwa mtu mmoja aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake, na hapo tena kusikia, moyo na kuona ni vya umoja. Laiti wingi wa kuona ungetokana na maumbile ya macho, usingetoweka mara tu mwenye macho anapokuwa mmoja. Kwa hiyo basar na fu'ad hufuata kwa kawaida idadi ya wenye navyo. Sam' peke yake haifuati. Swali la kweli, basi, si kwa nini kuona ni kwingi, bali ni kwa nini kusikia hakubadiliki. Na hapo maelezo ya wanasarufi wa kale yanatosha kuliko yale ya vijitabu.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana njia ya karibu ya kuyaelewa maelezo hayo, kwani lugha yake inayo kanuni hiyo hiyo. Kusikia ni kitenzi-jina cha ngeli ya KU-, na ngeli hiyo haina wingi. Husemwa kusikia kwangu, na husemwa kusikia kwetu. Mwenye tendo amebadilika, tendo halikuguswa. Hakuna anayeuliza ni siri gani iliyofichwa katika umoja huo. Lakini hapa ndipo ugumu wa mfasiri unapoanza, maana kuona nako kumo katika ngeli ile ile na kumefungwa katika umoja ule ule. Akichagua vitenzi-jina, kusikia na kuona, atakuwa mwaminifu kwa sam' na atapoteza wingi wa absar. Akichagua viungo, masikio na macho, ataupata wingi wa absar na kuutia wingi mahali ambapo Kiarabu hakikuutia. Usikivu haumsaidii pia: siku hizi neno hilo humaanisha zaidi utulivu wa mwanafunzi darasani kuliko kipawa cha sikio, na ngeli yake nayo haimpi wingi.

Historia ya tafsiri zenyewe inaonyesha kwamba mlango uliochaguliwa haukuwa mmoja. Tafsiri kamili ya kwanza iliyochapishwa ilitoka mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kianglikana huko Unguja. Ile ya Ahmadiya, ya Mubarak Ahmad Ahmadi, ilichapishwa Nairobi mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikamilisha yake mwaka 1969. Ali Muhsin al-Barwani alifuata mwaka 1995. Ubishi mkali uliozuka baina ya tafsiri hizo ulihusu itikadi na haki ya kufasiri; umoja na wingi wa vipawa havikumwamsha mtu usingizini. Katika kazi ya al-Barwani, kwa mfano, sam' ya Sura ya 2 imekuwa masikio, ya Sura ya 16 imekuwa kusikia, na ya Sura ya 67 imerudi kuwa masikio, ingawa maneno ya Kiarabu katika hizi mbili za mwisho ni yale yale. Huo si uzembe. Ni sikio la Mswahili fasaha likifuata mkondo wa sentensi.

Hasara yake, hata hivyo, ipo, nayo inazidi ile ya idadi. Katika Sura ya 7, aya ya 179, Kurani haitaji vipawa bali viungo: qulub, a'yun, adhan, nyoyo na macho na masikio, vyote kwa wingi, navyo havitumiki. Watu wana masikio wala hawasikii kwayo. Uzito wa aya hiyo umo katika kutenganisha kiungo na kipawa. Msomaji aliyekwisha kukuta masikio mahali pa sam' hana tena namna ya kujua kwamba hapa, na si kule, ndipo Kiarabu kilipotaja sikio lenyewe la nyama.

Mpaka hapa tatizo ni la pwani na la wanavyuoni wake. Linapata sura nyingine likipandishwa bara, hadi mahali kama Kericho, ambako Kiswahili si lugha ya mama ya walio wengi bali ni daraja lao. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ikipitia Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, na mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa katika miaka ya 1920, nchi ya Wakipsigis ilipata wafanyakazi kutoka Nyanza, Kisii na Magharibi, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi. Lugha ya kuchumia chai, ya kupimia chai na ya kudaiana madeni ikawa Kiswahili. Na ndicho kinachowaunganisha watu wa makabila mbalimbali wanaokaa safu moja msikitini. Katika Kiswahili hicho mtu husema macho zangu na masikio zako bila kuona haya. Nyoyo ni neno la ibada tu. Shuleni hufundishwa mioyo, na mioyo ndiyo iliyomo katika Biblia ya mwaka 1952, hata yawezekana kumtambua mwenye dini gani anaongea kwa wingi wa neno moyo pekee. Msikilizaji wa namna hiyo akiambiwa kwamba kuna siri katika umoja wa kusikia, ilhali tafsiri iliyo mkononi mwake inasema masikio, atafanya lipi? Ama atamwamini msemaji na kuishuku tafsiri, ama atakubali yote mawili bila kuyalinganisha.

Lakini Mkipsigis anacho pia asichokuwa nacho mtu wa pwani. Katika lugha yake, kama katika lugha nyingine za Kikalenjin, umoja si msingi wa kila jina. Sikio ni itit na masikio ni itik. Jicho ni konda na macho ni konyek. Hapo mambo yanafanana na ya Kiswahili. Yapo lakini majina ambayo umbo lake fupi ni la wengi, na mmoja ndiye anayeongezewa kiambishi: Kipsigis ni watu wote, Kipsigisindet ni mtu mmoja. Beek, maji, ina umbo la wingi, kama maji yenyewe yalivyo katika ngeli ya YA- ya Kiswahili. Kiarabu nacho kina utaratibu wa jamii hiyo, maana shajar ni miti kwa ujumla wake na shajara ni mti mmoja, yaani mmoja ndiye mwenye nyongeza. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa huko huko, alichapisha mwaka 1979 kitabu juu ya isimu ya Kikalenjin, na mwaka huo huo kamusi ndogo ya nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Na mwenye kuzilinganisha lugha hizo hawezi kuendelea kuamini kwamba umoja ni idadi ya moja na wingi ni idadi ya kuzidi. Umoja mara nyingi ni umbo ambalo halijaulizwa idadi. Hivyo ndivyo sam' ilivyo, na mwanafunzi wa Kericho yafaa aelezwe hivyo kwa mifano ya nyumbani kwake kabla ya kupewa istilahi ya masdari.

Imebaki aya ya 36 ya Sura ya 17, ambayo ndiyo mtihani mgumu zaidi kwa Kiswahili. Kiarabu kimeweka umoja mara tatu. Al-Barwani ameweka masikio, macho na moyo, yaani wingi, wingi, umoja. Ameweka hivyo kwa sababu sikio na jicho kwa umoja humfanya Mswahili afikirie upande mmoja wa uso. Lakini je, ni lazima? Mtu hutega sikio, hategi masikio, na hakuna anayemdhania kuwa ana sikio moja. Hutupa jicho. Sikio la kufa, ambalo halisikii dawa, ni kusikia kwa mtu mzima wala si kiungo cha kulia au cha kushoto. Katika misemo hii Kiswahili kimekwisha kukifanya kiungo cha umoja kuwa kipawa, nao ni mlango wa tatu ambao wafasiri waliupita. Kusema sikio na jicho na moyo katika aya hii kungefuata umoja wa Kiarabu bila kukivunja Kiswahili.

Kisha linakuja neno la kuvikusanya vitatu hivyo. Kiarabu kimetumia ulaika, kiashiria ambacho kwa kawaida huwarejea wenye akili, na wafasiri wa kale walisita hapo, wengine wakisema kwamba vipawa vimechukuliwa kama watu kwa kuwa vitatoa ushahidi. Majina ya ngeli mbalimbali yakikusanywa, Kiswahili huyatia katika ngeli ya VI-, na ndiyo maana imeandikwa hivyo vyote. Sarufi haina lawama. Lakini ngeli ya VI- ndiyo ya vitu, na katika lugha ambayo sungura wa hadithi hupewa A- na WA- kwa sababu tu anasema, sikio litakaloulizwa na kujibu limewekwa pamoja na viti na vikombe.