Chombo Kikuukuu na Mwenyewe: Pikipiki katika Vilima vya Buha

Watu wa Buha walikuwa wasafiri tangu zamani, kabla mlio wa injini haujasikiwa katika vilima vyao. Chumvi ya Uvinza ilichukuliwa vichwani mpaka nchi za mbali, na njia za miguu zilipita Kasulu na Kibondo kuelekea Burundi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari zikawa ndefu zaidi. Vijana kwa maelfu walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya mashariki, wakaitwa manamba. Na tangu mwaka 1944 wengi waliandikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya wafanya kazi. Waliorudi walileta nguo na blanketi. Waliojaliwa zaidi walileta baiskeli.

Yafaa kuanza na baiskeli, maana ndiyo iliyowafundisha watu wengi adabu ya kumiliki chombo cha chuma chenye viungo vingi. Jembe hupelekwa kwa mhunzi likiisha kuvunjika. Baiskeli haingoji kuvunjika: cheni hudai mafuta, spoku hudai kukazwa, na mpira hudai kiraka. Mwenye baiskeli alikuwa fundi wake mwenyewe, au jirani wa fundi. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote, lakini pikipiki ilipofika ilimkuta mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo.

Pikipiki, ambayo jina lake latokana na mlio wake, haikuingia Buha kwa mlango wa baiskeli. Baiskeli ilikuja na mtu aliyeinunua kwa jasho lake. Pikipiki ilikuja na ofisi. Wakati wa ukoloni ilikuwa chombo cha serikali na misheni, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 hali haikubadilika upesi. Aliyeipanda alikuwa bwana shamba, mganga au mkaguzi wa shule. Petroli haikuwa yake, wala spea hazikuwa zake. Alikuwa mpandaji, si mwenyewe.

Mtu binafsi aliingia katika historia hii wakati chombo kilipochoka. Ni desturi ya serikali na mashirika kuuza kwa mnada vyombo visivyofaa tena kazi yao, na kwa njia hiyo pikipiki nyingi za Kijapani, kama Yamaha DT 125 na Honda XL 125, zilipata mabwana wapya katika nchi. Tendo la kwanza la mwenye mali halikuwa kupanda, bali kufungua injini. Aliyenunua hakununua safari. Alinunua kazi ya kuirudisha safari.

Misukosuko ya majirani iliongeza vyombo hivyo katika Kibondo na Kasulu. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, wakimbizi kwa mamia ya maelfu walivuka mipaka ya nchi yao, na wengi walifika Kigoma. Mwaka 1996 vita vya Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vilileta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa. Mtabila, Kanembwa, Mtendeli na Nduta yakawa majina ya kambi yaliyojulikana mbali na Buha. Palipo kambi pana mashirika, na palipo mashirika pana vyombo vya kwenda mbio katika barabara mbovu. Navyo pia vilikuwa na siku yao ya kuchoka.

Ili kufahamu yaliyofuata, msomaji hana budi kutupa macho mbali na Buha mpaka mwaka 1976. Mwaka huo BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki iliyoitwa R100RS, yenye injini ya sentimita za ujazo 980 na ngao pana ya kumkinga mpandaji na upepo. Iliundwa kwa safari ndefu na ya kasi pamoja, na imehesabiwa miongoni mwa wazazi wa jamii nzima ya pikipiki za namna hiyo. Watu wa Ulaya na Marekani wanaozitunza zilizozeeka huzitunza kwa mapenzi, kama mtu atunzavyo farasi wa mashindano aliyestaafu.

Mwaka uo huo Honda ya Japani ilitoa CG125, chombo kidogo kisichopendeza macho sana. Waundaji wake walikuwa wamejifunza jinsi pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zenye vumbi jingi, mizigo mizito na mafundi wachache. Kwa hiyo vali za injini yake husukumwa na vijiti vya chuma, badala ya kutegemea cheni nyembamba ya ndani inayohitaji uangalizi. Na cheni ya gurudumu ilifunikwa yote ili vumbi lisiifikie. Walikuwa wamemfikiria mtu atakayesahau kubadili oili.

Kati ya vyombo hivyo viwili, uzao wa kile kidogo ndio uliofika Kibondo. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na katika miaka ya 2000 pikipiki zake zikaenea Tanzania kwa bei ambayo mkulima au mwalimu angeweza kuiwaza. Za India, kama Boxer ya Bajaj na zile za TVS, zikashindana nazo. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni kwa pikipiki zinazochukua abiria, na bodaboda, jina lililozaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda kwa baiskeli za abiria, ikawa kazi inayotambuliwa na sheria.

Hapo swali la umiliki lilirudi kwa sura mpya. Vijana wengi wa bodaboda hawana fedha ya kununua. Kwa desturi ya hesabu, kijana hukabidhiwa pikipiki naye humpelekea mwenyewe kiasi kilichopatanwa kwa siku au kwa wiki. Kwa desturi ya mkataba, hesabu hiyo ikiisha kulipwa kwa muda uliowekwa, aghalabu mwaka mmoja au zaidi, chombo huwa mali ya kijana.

Buha haikuwa ngeni kwa mapatano ya namna hii. Zamani za Bami palikuwa na ubugabire: mwenye ng'ombe alimkabidhi mkulima mnyama, mkulima akapata maziwa na mbolea, naye akawa na wajibu wa utumishi na heshima kwa mwenye mali. Lakini pana tofauti kubwa. Ng'ombe aliyetunzwa alizaa, na mali ikaongezeka mikononi mwa aliyeitunza. Pikipiki haizai. Kila siku ya mkataba ni siku ya kuchakaa, na kijana huandikiwa mali yake siku ambayo upya wake umekwisha.

Jambo hili ndilo kiini cha habari yote. Katika vilima hivi mtu maskini hukutana na chombo chake kikiwa kikuukuu, ama kwa mnada wa ofisi, ama mwisho wa mkataba. Basi matunzo kwake si pambo la umiliki. Ndiyo umiliki wenyewe. Vumbi jekundu la kiangazi hupita katika chujio lililochakaa, likala ringi na silinda, mpaka moshi wa buluu utangaze kwamba oili inaungua. Masika hugeuza vumbi hilo kuwa tope linalosaga breki. Gunia la maharage na abiria wawili hulegeza spoku, na cheni isiyopakwa mafuta hunoa meno ya spoketi mpaka yawe kama ndoana. Fundi aliyekaa chini ya mti na spana chache huisikia vali iliyolegea kabla ya kuiona.

Lakini mkataba una mtego wake. Wakati chombo si chake bado, kijana hushawishika kulipa hesabu kwanza na kuahirisha oili, cheni na breki. Mwenye mali, akipata hesabu yake, hana haraka ya kuuliza. Kila mmoja huona kwamba chombo ni cha mwenziwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na hapa ufa ni wa wawili, lakini ukuta hujengwa na mmoja. Kijana aliyekitunza kisicho chake hupokea chombo kitakachomlisha miaka mingine. Aliyekipuuza hupokea fremu na deni la fundi.

Hasara nyingine haihesabiwi kwa shilingi. Katika miaka hii lami imeendelea kuunganisha Kigoma, Kasulu na Kibondo. Pikipiki ndogo iliyoumbwa kwa vumbi na mwendo wa pole sasa hufanya safari ndefu za kasi, kazi ambayo kule Ujerumani ilifanyiwa chombo cha injini kubwa mara nane. Zamani shimo la barabara lilimpunguzia mpandaji mwendo hata breki zake zilipokuwa zimekwisha. Lami haimpunguzii. Breki iliyoahirishwa Jumatatu kwa ajili ya hesabu yaweza kudaiwa Jumamosi katika mteremko, na anayedaiwa huenda akawa abiria, aliyepanda bila kujua habari za mkataba.

Historia ya vyombo hupenda kuandika siku ya kufika: treni ya kwanza, gari la kwanza, lami ya kwanza. Siku hizo ni za serikali na wenye viwanda. Habari za Buha zadai kuandikwa pia siku za baadaye, siku za ringi mpya katika injini ya zamani, maana hizo ndizo siku ambazo chombo kilikuwa mali ya watu wenyewe. Mafundi waliojifunza kwa injini za mnadani wangali hai, na vijana wanaojifunza kwao wapo Kasulu na Kibondo hivi leo. Wanaostahili kuulizwa bado wanaweza kujibu.