Primu ya mwalimu: dawa ya muda iliyodumu



Katika mkutano wa wazazi hapa Mutarule, mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania aliniuliza swali. Kule kambini watoto wake walisoma shule ya msingi bila kulipa. Hapa leta inasema pia ni bure. Sasa kwa nini mtoto amerudishwa nyumbani kutafuta franga za mwalimu?

Swali hilo liko na historia ndefu.

Mwaka 1974 Mobutu alichukua shule za makanisa. Mzigo ukamshinda, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 serikali ikapatana na makanisa: wao wasimamie shule, leta ilipe walimu. Njo maana shule za Wakatoliki, za Waprotestanti na za Wakimbangu zinahesabiwa kuwa shule za leta mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ile haikununua tena kitu, na walimu wakagoma. Kanisa Katoliki na wazazi wakatafuta namna ya kuokoa masomo: kila mzazi atoe kidogo, mwalimu arudi darasani. Ikaitwa primu. Ilikuwa dawa ya muda tu. Lakini leta ilipoona masomo yanaendelea, haikuwa na haraka tena ya kulipa. Na sehemu ya pesa ya wazazi ikaanza kupanda mpaka ofisi za juu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure. Mwaka 2010 serikali ikaanza na madarasa ya chini, lakini wazazi wakaendelea kulipa. Mwezi wa tisa 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, ikatangazwa kwa shule zote za msingi za leta. Madarasa yakajaa. Mwezi wa sita 2020 Banki ya Dunia ikakubali dola milioni 800, lakini kutolewa kwake kulifungwa na masharti. Wakati huo walimu wengi hawakuwa kwenye listi ya malipo. Primu imekatazwa, mshahara haujafika: katikati pale njo mtoto wa yule mama alipokwama.

Kwa Mutarule jambo hili ni zito zaidi. Baada ya mauaji ya usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita 2014, ambapo zaidi ya watu 30 walikufa, familia nyingi zilikimbia. Mtoto aliyepoteza mwaka kwa sababu ya vita asipoteze mwingine kwa sababu ya listi ya Kinshasa.

Sasa wanachama wengine wanaomba sanduku letu lilipe walimu wasio na namba. Mimi ninakubali, lakini tusirudilie kosa la zamani. Msaada uwe na mwezi wa kuanza na mwezi wa kuisha. Kila franga iandikwe na isomwe mbele ya wazazi. Na kila mwalimu tunayemsaidia, faili yake tuifuatilie mpaka Uvira. Bila hivyo, sanduku letu litakuwa primu ingine, na leta itasahau tena.

Tutaamua pamoja katika mkutano unaokuja. Yule mama naye aje, aulize swali lake mbele ya wote.